Papasi, Wapagazi na Panya wa Maabara

Vitabu vya historia ya njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, vinahesabu kila kitu. Pembe za ndovu zimehesabiwa kwa frasila, nguo za merikani kwa doti, shanga kwa rangi na majina yake. Hongo zilizotozwa Ugogo zimeandikwa moja baada ya nyingine na wasafiri wenye hasira. Kitu ambacho hakikuhesabiwa ni sakafu. Na kila aliyepita njia ile, awe mpagazi wa Kinyamwezi, mfanyabiashara wa Kiarabu au Mzungu mwenye daftari, jioni ilipofika alilala karibu na udongo.

Ndani ya udongo huo aliishi papasi. Waliokulia kwenye sakafu ya saruji watanivumilia nikimweleza. Papasi si yule kupe anayening'inia kwenye sikio la ng'ombe kwa siku kadhaa. Ngozi yake ni laini na imekunjamana kama kifuko cha zamani, rangi yake ni ya udongo, na mgongoni hana ngao. Mchana hujificha kwenye nyufa za kuta na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi ufani kwake kabla hujaamka. Anaweza kukaa miaka bila kula. Katika mate yake, na katika majimaji yanayotoka karibu na miguu yake anaponyonya, huwamo bakteria mwembamba aliyejisokota kama skrubu. Huyo ndiye anayeleta homa ya papasi.

Homa yenyewe ina tabia ya ajabu. Humshika mtu kwa nguvu kwa siku tatu hivi, kichwa na maungo vikimpasuka, kisha humwacha ghafla akilowa jasho. Anakula, anacheka, anaanza kupanga kurudi shamba. Baada ya wiki moja hivi homa inarudi, kana kwamba kuna kitu ilisahau. Sababu ni kwamba bakteria huyu hubadilisha koti. Mwili ukishatengeneza kingamwili za kulitambua koti la kwanza, wengi hufa, lakini wachache waliokwisha kuvaa koti jingine huzaliana upya, na mwili huanza somo kutoka ukurasa wa kwanza. Mtu aliyepita masomo hayo mara nyingi tangu utotoni hubaki na kumbukumbu ndefu ya makoti. Hiyo kumbukumbu ndiyo tunaiita kinga.

Bibi yangu mzaa mama, aliyekulia kwenye tembe upande wa Nzega, hakuwahi kutumia neno kingamwili. Alisema tu kwamba nyumba humpima mgeni. Mgeni akilala siku mbili tatu bila neno, basi na kwao papasi wapo. Nilipoanza masomo ya uzamili katika fiziolojia nilitambua kwamba Bibi alikuwa ameeleza, kwa sentensi moja, jambo lililompandisha meli bingwa wa Berlin.

Bingwa huyo ni Robert Koch. Mwaka 1905, mwaka uleule aliopewa Tuzo ya Nobel, alikuwa katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki akichunguza magonjwa, na homa ya papasi ilimshughulisha kwelikweli. Alikusanya papasi kutoka kwenye vibanda vya kupumzikia wasafiri kando ya njia za misafara na kutoka kwenye nyumba za wenyeji, akawapasua na kuwatazama kwa hadubini. Aliwaona bakteria. Aliwaona hata ndani ya mayai, maana yake mtoto wa papasi huzaliwa akiwa tayari na mzigo wake. Aliona pia kwamba Wazungu wapya walioanguka kitandani walikuwa wengi, ilhali wenyeji waliolala palepale walionekana hawana shida. Alifikiri, kwa haki, kwamba wenyeji walipata kinga kwa kuugua wakiwa wadogo. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa rahisi: usilale kwenye vibanda vya zamani, piga hema mbali navyo. Ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye hema.

Koch hakuwa peke yake. Mwaka 1904 Ross na Milne, madaktari wa Uganda, walikuwa wameshachapisha habari za bakteria hawa katika damu ya wagonjwa wa homa ya papasi. Upande wa mashariki ya Kongo, Dutton na Todd, waliotumwa na Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Liverpool, waliwaweka papasi juu ya nyani wakaona nyani wakipata homa. Wote wawili waliambukizwa. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa kijana wa miaka 28. Mwaka uliofuata bakteria huyo akapewa jina lake, duttonii. Kasongo, kwa anayejua historia yetu, ni makao ya Tippu Tip kule Manyema, mji uliofungwa kwenye kamba ileile: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Tanganyika, Kasongo. Baba yake Tippu Tip aliishi Tabora na kuoa katika ukoo wa mtemi. Nikiitazama ramani ya homa na ramani ya pembe za ndovu naona zinafuatana sana.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu neno «kinga» lilipotoka maabara na kuingia ofisini liligeuka. Kwa Koch lilikuwa na maana ya deni lililolipwa utotoni. Katika maandishi mengi ya utawala na ya wasafiri likawa sifa ya kabila: Mnyamwezi ni mgumu, Mnyamwezi haumwi, Mnyamwezi ameumbwa kubeba. Ukisoma namna hiyo unasahau kuuliza nani alilipa. Homa ya papasi huwapiga hasa watoto wadogo na wajawazito. Mama mjamzito akiipata anaweza kuharibu mimba au kujifungua kabla ya wakati, na mtoto mchanga aliyeipata kutoka tumboni mara nyingi haishi. Mpagazi mwenye kifua kipana aliyemvutia Burton alikuwa mmoja wa waliobaki. Wenzake wa rika waliokufa kabla ya kutembea hawakuonekana barabarani, kwa hiyo hawakuingia kitabuni.

Tena hata hao waliobaki kinga yao ilikuwa na mipaka. Kumbukumbu ya makoti ya kwenu haikusaidii sana ukikutana na makoti ya kwingine. Kijana wa Unyanyembe aliyelala Ugogo, Usagara au Manyema alikuwa mgeni wa nyumba, kama Bibi angesema. Na kuna jambo la pili, lile ambalo kazi yangu ya maabara ilinifanya nilifikirie: je, kinga ya mtu aliyepumzika ni sawa na kinga ya mtu huyohuyo baada ya siku themanini chini ya mzigo?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, kama kofia iliyokaa upande. Ni tezi za adrenali. Mwaka 1855 daktari wa London, Thomas Addison, alichapisha habari za wagonjwa waliodhoofika hadi kufa, na baada ya kufa tezi hizo zikakutwa zimeharibika. Mwaka 1856 Brown-Séquard aliwaondolea wanyama tezi hizo akaona wanakufa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Novemba 1857, Burton na Speke waliingia Tabora, waliyoiita Kazeh, baada ya siku 134 kutoka pwani, wote wawili wagonjwa. Nayaweka matukio haya bega kwa bega kwa sababu wanahistoria wa tiba na wanahistoria wa misafara hawasomani, japo wahusika wao walisoma magazeti yaleyale.

Kisha mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1901 Takamine alitenga adrenalini, homoni inayotoka kwenye kiini cha tezi hizo. Mwaka 1902 Richet na Portier waliwachoma mbwa sumu ya kiumbe wa baharini mwenye minyiri inayowasha. Waliopona dozi ya kwanza, walipochomwa dozi ndogo tu wiki kadhaa baadaye, walianguka na kufa kwa dakika chache. Mwili uliokuwa umejifunza ulikuwa umejifunza kujiua. Mwaka 1906 von Pirquet wa Vienna akatunga neno alaji, ambalo kwa Kiswahili tunaita mzio, kueleza hali ya mwili ambao, baada ya kukutana na kitu, hauitikii tena kama zamani. Kinga na mzio kwake vilikuwa watoto wa mama mmoja. Naona alikuwa sahihi kuliko wengi wetu tunaofundishwa mada hizo katika sura mbili tofauti.

Wanyama wa maabara walionyesha kwamba tezi zile zina sauti katika jambo hili. Simbilisi akipata mzio mkali mirija ya mapafu yake hujibana hadi anakosa pumzi, na adrenalini huifungua. Panya wa kawaida ni mgumu sana: humpa histamini, ile kemikali inayomwagika wakati wa mzio, kwa kiasi ambacho kingemuua simbilisi mara nyingi, naye anaendelea na shughuli zake. Lakini mwondolee tezi za adrenali, mwekee chumvi kwenye maji ya kunywa ili aishi, kisha umpe tena. Anakufa kwa kiasi kidogo. Ndivyo ilivyo hata kwa sumu za bakteria. Ugumu wa panya hautokani na «kabila» lake. Unatoka kwenye vipande viwili vya nyama vidogo kuliko punje ya mtama, vinavyomwaga homoni kila dakika. Niliposoma matokeo hayo nilifikiria wale waandishi wa kikoloni na Mnyamwezi wao mgumu.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana mwaka 1936. Hans Selye, kule Montreal, aliwatesa panya kwa njia nyingi, baridi, majeraha, mazoezi kupita kiasi, na kila mara alikuta mambo yaleyale: tezi za adrenali zimevimba, thaimasi, ambayo ni shule ya chembe za kinga, imesinyaa, na tumbo lina vidonda. Mwaka 1944 Dougherty na White walionyesha kwamba homoni za ganda la nje la tezi hizo ndizo zinazozisinyaza tishu za kinga. Mwaka 1948 Hench alimpa kotisoni mgonjwa wa viungo aliyekuwa hawezi kutembea, akatembea, na mwaka 1950 yeye, Kendall na Reichstein wakapata Nobel. Homoni ileile inayozuia kinga isichome nyumba huweza pia kuwafungia nje wazima moto.

Sasa, panya si mtu. Panya na sungura hupoteza chembe nyingi za kinga wakipewa homoni hizi. Simbilisi, nyani na binadamu huathirika kidogo zaidi, na Henry Claman aliwakumbusha wenzake jambo hilo kwa makala ndefu mwaka 1972. Hata homoni kuu ni tofauti: kwetu ni kotisoli, kwa panya ni kotikosteroni. Mimi hulikumbuka kila ninapoandika ripoti, maana kishawishi cha kuruka kutoka kwenye kizimba hadi kwenye barabara ya Bagamoyo ni kikubwa.

Hata hivyo kuna jaribio moja ninaloruhusu liruke. Katika miaka ya 1990 Firdaus Dhabhar na Bruce McEwen, New York, walichunguza panya na mzio wa ngozi unaochelewa, wa aina ileile inayovimbisha mkono kwenye kipimo cha kifua kikuu. Panya aliyebanwa kwenye mrija kwa saa mbili tu kabla ya kupakwa dawa inayowasha alivimba zaidi kuliko mwenzake aliyepumzika. Msukosuko mfupi uliamsha kinga, na bila tezi za adrenali mwamko huo ulitoweka. Panya aliyesumbuliwa wiki nyingi mfululizo alivimba kidogo. Tezi ni zilezile. Kilichobadilika ni muda.

Chukua muda huo uuweke njiani. Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 akaingia Tabora tarehe 23 Juni, baada ya siku zaidi ya 80, na huo ulihesabiwa mwendo wa haraka. Mpagazi alibeba kilo 25 hadi 35, pembe kubwa zaidi ya hapo, pamoja na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na Mgunda Mkali, pori ambalo maji na chakula vilikuwa vya kubahatisha, na misafara ililipita mbiombio kwa sababu kusimama kulikuwa hatari kuliko kutembea. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha vizuri kwamba watu hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye fani, desturi na migomo yao. Walijua kudai posho. Nakubaliana naye kabisa, nikiongeza tu kwamba fani haiizuii tezi kufanya kazi yake. Siku ya 3, mwili wa kirangozi unaweza kuwa macho kuliko wakati wowote. Siku ya 80, baada ya njaa ya Mgunda Mkali, ni mwili mwingine.

Na bakteria wa papasi anajua kusubiri. Mwaka 2006 watafiti wa Umeå, Sweden, walichapisha kazi waliyoifanya kwa panya wadogo walioambukizwa duttonii. Homa zilipokwisha na damu ikawa safi, bakteria walikuwa bado wamejificha kwenye ubongo, kimya, bila kuleta uvimbe. Kinga ya panya ilipodhoofishwa kwa makusudi, baadhi yao walirudi kwenye damu. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kutazama tunaposoma, katika shajara za wasafiri, kuhusu wapagazi «wenye kinga» walioanguka njiani kwa «homa». Wengi waliachwa na malaria, kuhara au ndui; Burton mwenyewe alikutana na msafara uliokuwa ukifa kwa ndui. Lakini sioni sababu ya kumtoa papasi kwenye orodha kwa kuwa tu daktari mmoja aliwaona wenyeji wakiwa wamekaa nyumbani wameshiba.

Matibabu nayo yana kisa chake. Ukimpa mgonjwa wa homa hii antibiotiki, saa moja au mbili baadaye anaweza kutetemeka kwa nguvu, joto likapanda, kisha shinikizo la damu likashuka. Bakteria wanaokufa kwa wingi huufanya mwili umwage ghafla kemikali zake za vita. Addis Ababa, ambako homa ya namna hii huletwa na chawa, madaktari walijaribu kuituliza tufani hiyo kwa hidrokotisoni, dada wa homoni zetu za adrenali. Haikuizuia. Kilichofanya kazi zaidi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1996, ni kingamwili dhidi ya kemikali moja ya vita inayoitwa TNF. Somo la panya asiye na tezi lilikuwa la kweli, ila kwa mgonjwa halikutosha, na wale waliolijaribu walikuwa waungwana wa kutosha kulisema.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya wapagazi wa masafa marefu ikafa, isipokuwa vita vilipoirudisha kwa ukatili. Papasi hakuhitaji wapagazi tena. Alikuwa na nyumba. Mvumi, ambako Stanley alilipia hongo, ina hospitali ambayo madaktari wake waliendelea kuiona homa hii miaka ya 1990. Huko nyumba zilipopuliziwa dawa, ugonjwa ulipungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Baadaye bakteria wa aina hii walipatikana pia kwenye kuku na nguruwe wa vijiji vya Dodoma, jambo lililowashangaza waliokuwa wakifundisha kwamba huishi kwa binadamu na papasi tu. Leo ni nadra kuzisikia hadithi zake kwa vijana wa Tabora mjini. Saruji imefanya zaidi ya sisi wa maabara, naona hakuna haja ya kubishana.

Mwaka 2008 jenomu nzima ya duttonii ilichapishwa. Ilitoka kwenye bakteria waliooteshwa kutoka damu ya mgonjwa wa Tanzania, na aina hiyo inaitwa Ly. Dutton yumo kwenye jina la bakteria. Mgonjwa ameandikwa kwa jinsia, nchi na umri: mtoto wa kike, miaka 2.